Kwa nini Kiingereza huweka "the" mbele ya Gambia na Hague, lakini si mbele ya Kenya wala Tanzania?

#1 MtafsiriArusha
Salamu wanajukwaa. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka za kisheria hapa Arusha, na kwa kuwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Banjul ilhali Mahakama ya Afrika iko huku kwetu, jina la Gambia hupita mezani kwangu mara nyingi kuliko linavyopita kwa watu wengi. Juzi nililetewa maandishi yenye sentensi hii: "The Gambia brought a case against Myanmar in The Hague." Kesi hiyo ilifunguliwa tarehe 11 Novemba 2019, na jina lake rasmi la Kiingereza ni "The Gambia v. Myanmar". Sentensi ina majina matatu ya mahali, na mawili kati yake yamevikwa "the", tena kwa T kubwa hata pale jina lilipo katikati ya sentensi. Myanmar imeachwa bila kitu.

Ninaomba tulijadili kwa makini. Neno hili limetoka wapi? Ni sehemu ya jina au ni kiambatisho tu? Na sisi tunaoandika Kiswahili, ambacho hakina neno la namna hiyo, tuandike "mjini The Hague" au "mjini Hague"? Maoni yangu ni kwamba katika Kiingereza tuliheshimu, kwa sababu wenye nchi wamelitaka, lakini tukifika kwenye Kiswahili tuliache mlangoni.

#2 KasukuWaNairobi
Kuhusu Gambia jibu ni la kisarufi. Kiingereza huweka "the" mbele ya majina ya mito: "the Nile", "the Tana", "the Rufiji". Gambia lilikuwa jina la mto kabla halijawa jina la nchi, na ukiitazama ramani utaona kwamba nchi yenyewe si kitu kingine ila kingo mbili za mto huo, ukanda mwembamba uliozungukwa na Senegali pande zote isipokuwa ule wa baharini, kwa mujibu wa mpaka ambao Waingereza na Wafaransa walikubaliana mwaka 1889. Aliyesema "in the Gambia" wakati ule alimaanisha bonde la mto, na mazoea hayo yakabaki hata baada ya bonde kuwa nchi.

#3 BintiPate
Ndugu Kasuku, maelezo yako yanapendeza, lakini hebu vuka mpaka huohuo uliouchora. Senegali nayo imepewa jina la mto, na hakuna Mwingereza anayesema "the Senegal" akiwa na maana ya nchi. Niger ni mto pia, na magazeti huandika "Niger" tupu. Ikiwa mto ndio sababu, kwa nini mto mmoja uache alama yake na jirani zake wasiiache?

#4 SheriaMorogoro
Dada BintiPate ana hoja, ila kuhusu Niger naomba niongeze jambo. Katika nyaraka za Umoja wa Mataifa jina rasmi ni "the Republic of the Niger", na hata jina fupi katika sentensi huwa "the Niger". Vivyo hivyo "the Republic of the Sudan" na "the Congo". Kwa hiyo tuna Kiingereza cha magazetini na Kiingereza cha mikataba, navyo havikubaliani.

Juu ya Gambia kuna ukweli wa kihistoria ambao haujatajwa. Mwaka 1964, uhuru ukiwa umekaribia, Dawda Jawara, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliiandikia kamati ya Uingereza inayoshughulikia majina ya kijiografia akiomba "the" ibakizwe, na mojawapo ya sababu alizotoa ni kuepusha mkanganyiko na Zambia. Rhodesia ya Kaskazini ilipata uhuru na kuitwa Zambia tarehe 24 Oktoba 1964, na Gambia ikafuata tarehe 18 Februari 1965. Wenye nchi, basi, walichagua wenyewe.

#5 KasukuWaNairobi
Ahsante, Sheria. Lakini angalia kwamba Jawara aliomba neno hilo *libakizwe*, na haombi mtu kubakiziwa kitu ambacho hakuwa nacho. Barua inaeleza kwa nini "the" haikuondoka. Haielezi iliingiaje, na swali la mwanzisha uzi lilikuwa hilo. Mto wangu bado unatiririka.

#6 Mzigo_Umepotea
Niseme yaliyonikuta kuhusu huo mkanganyiko wa Zambia. Nilimtumia ndugu yangu aliyeko Lusaka kifurushi cha vitabu kupitia kampuni moja ya usafirishaji ambayo sitaitaja, nikaandika anwani kamili. Karani akachagua nchi kwenye orodha ya kompyuta, na nilipofuatilia safari ya mzigo mtandaoni nikaona umefika Banjul. Orodha ile ilikuwa imeandika "Gambia" pekee, bila "the". Sijui kama neno hilo lingemzindua karani, lakini tangu siku ile sidhani tena kwamba hofu ya Jawara ilikuwa ndogo.

#7 MwanaMvita
Pole sana. Hata hivyo mkanganyiko unaanzia kwenye herufi ya kwanza, na "the" haiigusi herufi hiyo. Zaidi ya hayo, orodha nyingi hupanga nchi hii kwenye G. Orodha za serikali ya Marekani huandika "Gambia, The", na "Bahamas, The" kwa mtindo uleule, yaani neno lililoombwa kuitambulisha nchi linasukumwa mkiani nyuma ya mkato.

Sasa nihamie Hague. Sisi Wakenya tulilivua jina hilo "the" hadharani. Mwaka 2009, Bunge lilipojadili kuunda mahakama maalumu ya kushughulikia ghasia za baada ya uchaguzi, kauli iliyovuma miongoni mwa waliotaka kesi zipelekwe Uholanzi ilikuwa "Don't be vague, go to Hague". Mkitia "the" hapo mizani inavunjika. Tangu hapo mitaani ni "Hague" tu: kwenda Hague, kesi za Hague, watu wa Hague. Huko Hague ndiko na Gambia ilikoishtaki Myanmar, kwenye mahakama ileile ya ICC.

#8 SheriaMorogoro
Naomba nisahihishe hapo, MwanaMvita. Kesi ya Gambia haiko ICC. Iko Mahakama ya Kimataifa ya Haki, chombo cha Umoja wa Mataifa ambacho huamua migogoro baina ya nchi na nchi, na makao yake ni Kasri la Amani. ICC huwashtaki watu binafsi, nayo ilianza mwaka 2002. Mji ni mmoja, mahakama ni mbili, na kwa mtafsiri tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya "the". Hata Mahakama ya Rwanda iliyokuwa Arusha tangu miaka ya 1990 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015 ilikuwa na kitengo cha rufaa katika mji huohuo.

#9 MwanaMvita
Nimekuelewa, wakili. Kuhusu jina nasimama palepale.

#10 Rotterdam_Mswahili
Niko Uholanzi, nami naweza kuongezea upande wa huku. Kwenye mabango ya treni mji huu huandikwa "Den Haag", na jina refu la zamani ni "'s-Gravenhage", lenye maana ya kiunga kilichozungushiwa uzio cha mtawala wa eneo, aliyeitwa graaf. Ile "Den" ni neno la Kidachi cha kale linalofanya kazi ileile ya "the". Kwa hiyo Waingereza hawakulibuni, walilitafsiri. Wafaransa wamefanya hivyohivyo na kusema "La Haye", na Wahispania "La Haya".

Hapa ndipo Hague inapoachana na Gambia, na nadhani tunapoteza muda tukizitafutia sababu moja. Hague imerithi neno lake kutoka kwa wenyeji. Gambia imelipata ndani ya Kiingereza chenyewe. Hata magazeti ya London huzitofautisha, kwa maana mengi huandika "The Hague" kwa T kubwa na "the Gambia" kwa t ndogo.

#11 MaskatNaZanzibar
Wapendwa, nyote mmesahau Kiarabu. Waingereza wa zamani walisema "the Sudan" na "the Yemen". Kiarabu husema as-Sudan na al-Yaman, na ile al ndiyo "the" yao. Congo kwa Kiarabu ni al-Kunghu. Mimi naona kwamba sehemu kubwa ya majina haya ya Kiingereza yalipita kwanza kwa wasafiri na makarani waliojua Kiarabu, wakalitafsiri neno kama Waingereza walivyolitafsiri la Kidachi.

#12 BintiPate
Ndugu wa Maskat, wazo lako lina nguvu kwa Sudan, lakini linaangukia Lebanon. Waingereza walisema "the Lebanon" kwa muda mrefu, na Kiarabu husema Lubnan bila al yoyote. Walikuwa wakitaja mlima na eneo lake. Kinyume chake, Kiarabu husema as-Sumal, na sijapata kuona Mwingereza akiandika "the Somalia". Ingekuwa ni tafsiri ya al, mambo yangekuwa kinyume.

#13 MaskatNaZanzibar
Lebanon nakupa. Sudan sikupi.

#14 MwongozaWatalii
Mimi huongoza wageni katika mbuga za kaskazini, na jambo hili nalisikia kila siku ndani ya gari. Mgeni atasema "the Serengeti", "the Mara", "the Ngorongoro Crater", kisha palepale atasema "Kilimanjaro" na "Tarangire" bila chochote. Sisi waongozaji husema "Serengeti" tu, na hakuna anayetukosoa. Mgeni mmoja mwalimu alinieleza kwamba kwake "the Serengeti" ni tambarare, kitu kilichotandazwa ardhini ambacho mtu anaweza kukivuka, ilhali "Serengeti National Park" ni jina la hifadhi. Vilevile "the Mara" ni mto au mbuga, lakini mkoa ni "Mara" tupu, na hata siku moja hamtamsikia akisema "I was born in the Mara" kwa maana ya Musoma. Jina moja, matumizi mawili, na "the" ndiyo inayompa msikilizaji habari ya kipi kinatajwa.

Nikirudi kwenye Gambia, huenda basi ndugu Kasuku na BintiPate wote wana haki. "The" ilianza kwa mto, lakini Senegali ilishahama upande wa mikoa na nchi, na Gambia haikuhama kwa kuwa nchi na mto havitenganiki.

#15 KasukuWaNairobi
Mwongozaji, umelisema vizuri kuliko mimi.

#16 BronxMsukuma
Huku New York tuna ushahidi mwingine wa mto. Mji una wilaya tano, na moja tu huvaa neno hili: "the Bronx". Brooklyn haina, Manhattan haina, Queens haina. Bronx ni jina la mto, na mto ulilipata kutoka kwa Jonas Bronck, mlowezi aliyefika pale mwaka 1639. Jina la mtu likawa jina la mto, mto ukachukua "the", na wilaya ilipoundwa mwaka 1898 ikaichukua kutoka kwa mto. Watu hapa hukasirika ukiiondoa. Ukiandika "I live in Bronx" wanajua mara moja kwamba wewe ni mgeni.

#17 Uhuru_na_Jina
Mnaongea kana kwamba jambo hili ni la mito na mabango ya treni pekee. Kuna nchi ambazo neno hili liliziudhi. Ukraine ilipojitangazia uhuru mwezi Agosti 1991 iliomba wazi kwamba Kiingereza kiache kusema "the Ukraine", kwa sababu neno lile liliifanya isikike kama jimbo la nchi nyingine. Tazameni na majina ya enzi za ukoloni: "the Cameroons", "the Transvaal", "the Sudan". "The" ni lugha ya mtawala anayetaja eneo lake kwenye ramani. Nchi ikipata uhuru hulitupa. Ningependa Gambia nayo ilitupe.

#18 SheriaMorogoro
Ndugu Uhuru, kwa Ukraine nakubaliana nawe kabisa, na ninaandika jina lake kama walivyoomba. Lakini kanuni yako haiwezi kuwa "the ni ya mtawala", kwa maana "the Netherlands" ni watawala wenyewe, na Bahamas ililishika neno hilo kwa mikono miwili ilipopata uhuru mwaka 1973. Kiongozi wa Gambia aliliomba kwa barua. Ukimwambia Mgambia atupe kitu ambacho taifa lake lilikiomba, utakuwa umefanya nini zaidi ya kumpangia jina kutoka nje, jambo lilelile unalolilaumu?

#19 Uhuru_na_Jina
Nimekusikia. Bado nasema kwamba mwenye jina ndiye wa kuulizwa, na sisi sote humu hatujamsikia Mgambia hata mmoja.

#20 MtafsiriArusha
Nimewahi kufanya kazi na mwanasheria kutoka Banjul, na kwa kuwa ndugu Uhuru amelitaja nitasema nilichokiona. Katika maandishi yake yote aliandika "The Gambia" kwa T kubwa, na rasimu yangu ya Kiingereza iliporudi alikuwa ameongeza neno hilo kwa kalamu nyekundu kila mahali nilipoliacha, pamoja na kwenye jedwali. Lakini alipozungumza kwa simu na wenzake kwa Kiingereza nilimsikia mara kadhaa akisema "in Gambia". Sikumuuliza, kwa sababu nilidhani hakukuwa na la kuuliza: kalamu ilikuwa ya dola na mdomo ulikuwa wake.

Swali langu la pili bado linanisumbua. Neno hili ni sehemu ya jina au si sehemu?

#21 MwalimuBukavu
Nitajaribu kulijibu hilo, kwa kuwa nafundisha Kifaransa na Kiingereza kwa pamoja na wanafunzi huniuliza.

Kipimo changu ni hiki: lifanye jina liwe sifa ya kitu kingine, kisha uangalie kinachobaki. Kwa Kiingereza utasema "a Gambian lawyer", "the 1907 Hague Convention". "The" iliyo mbele ya 1907 ni ya mkataba, si ya mji. Ile ya mji imebanduka. Sasa chukua El Salvador au Los Angeles. Utasema "the Los Angeles police", na "Los" inabaki mahali pake, ingawa kwa Kihispania nayo ni "the". Tofauti ni kwamba neno la Kihispania ndani ya Kiingereza limekufa, halitambuliki tena kuwa neno, limegeuka silabi ya jina. "The" ya Hague ingali hai, na kwa kuwa ni hai inaweza kuondoka. Algeria ni vivyo hivyo: ile "Al" ya mwanzo ni al ya Kiarabu, al-Jazair, nayo imeganda hadi Kifaransa huongeza chake juu yake na kusema "l'Algérie".

Mfano ninaoupenda zaidi ni Kairo. Kiarabu husema al-Qahira. Wafaransa wakaitafsiri al na kusema "Le Caire", na kwa kuwa neno hilo kwao ni hai, mtu anayekwenda huko husema "au Caire", neno likayeyuka ndani ya kihusishi. Waingereza wakalitupa wakabaki na "Cairo". Kiswahili kikafuata: Kairo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kwa karani wa serikali ni sehemu ya jina, kwa sarufi si sehemu.

#22 BintiPate
Mwalimu, umenikumbusha jambo lililo karibu zaidi na sisi. Waganda husema Buganda kwa ufalme wao. Kiswahili kikaweka U yake ya nchi, kama tunavyosema Uingereza, Ureno na Uturuki, ikawa Uganda, na Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1894 walilichukua jina hilo kutoka vinywani mwa Waswahili, U na yote. Leo ndani ya sentensi ya Kiingereza ile U imekufa kwa kipimo chako. Hata kivumishi chao ni "Ugandan", hawaibandui. Kumbe na sisi tumeacha kitu chetu ndani ya majina yao.

#23 MwanaMvita
Hapo Mpate amevua samaki mkubwa. Lakini mimi bado nasubiri ruhusa ya kusema "Hague" tupu.

#24 Rotterdam_Mswahili
Huna haja ya ruhusa ukisema Kiswahili. Ukiandika Kiingereza, hapana, liweke. Ningeongeza kwamba Wakenya hupenda kuandika "at The Hague" badala ya "in The Hague", na watu wengine huwakosoa. Wasiwakosoe haraka. Mikataba ya mwaka 1907 yenyewe inamalizikia kwa maneno "Done at The Hague". Ni Kiingereza cha mahakama na mabalozi, na Kenya ililifahamu jina hilo kupitia mlango wa mahakama.

#25 MhaririDodoma
Kuhusu Kiswahili sikubaliani na mwanzisha uzi, wala na ndugu wa Rotterdam. Msomaji akiona "Hague" kwenye gazeti letu kisha aitafute kwenye ramani ya Kiingereza, ataikuta chini ya jina lenye "The". Sisi huandika "mjini The Hague, Uholanzi" kama tunavyoandika "mjini Los Angeles", bila kuuliza "Los" inafanya nini. Tukianza kubandua maneno ya watu, tutaishia wapi? Tutasema "mjini Angeles"? Kwa Gambia ni tofauti, kwa sababu Kiswahili kimeshalizoea jina hilo likiwa peke yake, na hata Mgambia hatumwiti kwa namna nyingine.

#26 MtafsiriArusha
Mhariri, "Los" imekufa, mwalimu amekwisha kuonyesha. "The" iko hai, na kila msomaji wetu aliyepita shule anaijua kuwa ni neno la Kiingereza. Ndiyo maana inakwaruza sikio ndani ya sentensi ya Kiswahili, na "Los" haikwaruzi.

#27 MhaririDodoma
Sikio lako na sikio la msomaji wangu wa Kondoa si lazima yakwaruzwe na kitu kimoja.

#28 MwalimuBukavu
Kabla hamjaendelea, rudini kwenye kesi iliyoanzisha uzi huu mkalitazame jina lake katika lugha ya pili rasmi ya mahakama ile. Kifaransa, ambacho huweka neno lake mbele ya karibu kila nchi, "le Kenya", "la Tanzanie", "la Gambie", kimeandika "Gambie c. Myanmar", tupu. Kiingereza, ambacho huziacha nchi karibu zote bila neno hilo, ndicho kilichoandika "The Gambia". Yeyote mwenye kanuni moja inayofaa kwa kurasa hizo mbili za faili lilelile, aiweke hapa.

#29 KasukuWaNairobi
Mimi nina mto tu, mwalimu. Tumwachie Sheria.